Binti Aliyeitwa Aiko

Siku ya kwanza ya darasa la Kikorea mjini Seoul, mwalimu wetu aliandika ubaoni majina kumi na mawili ya Kikorea, akatuambia kila mmoja achague la kutumia mpaka muhula umalizike. Hakuwa na nia mbaya. Darasa lilikuwa na wanafunzi kutoka Uzbekistan, Vietnam na Mongolia, na mimi peke yangu kutoka Tanga, na ulimi wake ulijikwaa kila alipofika kwenye jina langu, Mwanahamisi, ambalo likiandikwa kwa herufi za kwao huwa refu kama treni ya mizigo. Nikachagua Hana, kwa sababu lilikuwa fupi na kwa sababu neno hilo kwa Kikorea ni "moja". Jioni nikamwambia mama mwenye nyumba niliyepanga chumba kwake kwamba kuanzia leo mpangaji wake anaitwa Hana, nikitegemea acheke.

Hakucheka. Alichukua bahasha ya bili ya gesi, akaigeuza upande wa nyuma, akanitaka niandike pale jina langu lenyewe. Akalisoma polepole, silabi kwa silabi, akakosea, akarudia, na kwa mwaka mzima niliokaa kwake hakuniita kwa jina jingine. Ilipita miezi kabla sijajua sababu. Tulikuwa tunamenya vitunguu saumu vya kutengenezea kimchi, kazi ambayo huko hupimwa kwa ndoo na si kwa punje, aliponisimulia kwamba mama yake mzazi, alipokuwa shule ya msingi, aliitwa Hanako. Jina hilo la Kijapani hakulichagua. Aliishi mpaka uzeeni akiwa na rafiki mmoja wa enzi zile za shule, wakipigiana simu kila mwaka mpya, na kwenye simu hizo vikongwe wale wawili waliitana Hanako na Yoshiko, kwa kuwa hayo ndiyo majina waliyojuana nayo. Jina la Kikorea la Yoshiko halikufahamika nyumbani kwao mpaka siku walipoletewa taarifa ya msiba.

Nilirudi chumbani mikono ikinuka vitunguu, na tangu usiku ule nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu wasichana wa Korea wa miaka ile ya vita.

Japani iliitawala Korea kuanzia mwaka 1910 hadi 1945. Katika miaka ya mwanzo serikali ya kikoloni haikutaka Mkorea ajiite kwa jina la Kijapani, na mwaka 1911 iliweka masharti ya kulizuia jambo hilo, kwani mtawala alitaka amtambue mtawaliwa kwa kulisikia jina lake tu. Mambo yaligeuka baada ya mwaka 1937, vita vilipopamba moto nchini China na dola ikahitaji askari, vibarua na utiifu. Gavana Mkuu Minami Jiro akashika kaulimbiu ya kwamba Japani na Korea ni mwili mmoja. Wanafunzi wakakaririshwa kiapo cha raia wa mfalme, watu wakapelekwa kusujudu kwenye mahekalu ya Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, na mwaka 1938 somo la Kikorea likafanywa la hiari shuleni kabla ya kuondolewa kabisa. Magazeti mawili makubwa ya Kikorea, Dong-A Ilbo na Chosun Ilbo, yalifungwa Agosti 1940.

Amri ya majina ilitolewa Novemba 1939 na kuanza kutumika tarehe 11 Februari 1940, siku ambayo Wajapani waliadhimisha miaka 2600 ya kuasisiwa kwa dola yao kwa mujibu wa hesabu zao za jadi. Kila kaya ilipewa miezi sita, hadi tarehe 10 Agosti, kusajili jina la nyumba la namna ya Kijapani. Takriban asilimia 80 ya kaya zilisajili. Serikali ilidai kwamba ni hiari, lakini hiyo ilikuwa hiari ya mtu aliyeambiwa na mwalimu wa mwanawe kwamba mtoto asirudi darasani bila jina jipya. Kubadili jina la mtu binafsi ndiko kulikolipiwa ada na kuombewa kibali, ilhali jina la nyumba halikukwepeka: aliyekaa kimya alishtukia kwamba jina la ukoo la mkuu wa kaya limeandikwa kuwa jina la nyumba nzima.

Hapo ndipo lilipo jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka, nami nadhani msomaji wa Kiswahili atalielewa upesi kuliko Mzungu. Mwanamke wa Korea akiolewa habadilishi jina la ukoo. Binti wa Kim akiolewa na Park hubaki Kim mpaka kaburini, sawa na mama yangu ambaye ameolewa zaidi ya miaka arobaini na bado wazee wa mtaani humwita Binti Juma. Amri ya mwaka 1940 ilitaka watu wote wa nyumba moja wawe na jina moja, kama ilivyo kwa Wajapani. Kwa hiyo mwanamume alipotezwa jina mara moja, na mkewe akapotezwa mara mbili: kwanza likafichwa jina la Kikorea, kisha likafichwa la baba yake, akabaki anaitwa kwa jina la nyumba aliyoolewa. Na hili lilimfika mwanamke ambaye tangu zamani hakuwa akiitwa sana kwa jina lake. Wakorea, kama sisi, humwita mwanamke mama fulani kwa jina la mtoto wake, au humtaja kwa mji aliotoka.

Watu hawakukosa ujanja. Jina Kim huandikwa kwa herufi yenye maana ya dhahabu, na wengi wa ukoo huo wakajiita Kaneda, yaani shamba la dhahabu, au Kanemoto, asili ya dhahabu, ili ile herufi ya babu ibaki mwanzoni mwa jina. Kim wanaotokea Gimhae walikuwa na bahati zaidi, kwa sababu jina la mji wao wa asili linaanza kwa herufi hiyo hiyo ya dhahabu. Baadhi yao walipeleka kwa karani herufi mbili za Gimhae kama zilivyo, karani akazisoma Kijapani, akaandika Kaneumi, naye mwenye jina akarudi nyumbani akiwa ameuficha ukoo wake ndani ya daftari lile lile lililotakiwa kuufuta.

Msichana wa shule hakuwa na ujanja huo. Kisa kimoja husimuliwa sana Korea, cha mwanafunzi wa shule ya sekondari ya wasichana mjini Hamhung, mwaka 1942, aliyesikiwa akizungumza Kikorea na wenzake ndani ya treni. Polisi walipekua shajara zake wakakuta sentensi moja fupi ya miaka ya nyuma, inayosema kwamba mwalimu alimwadhibu kwa kutumia lugha ya taifa. Lugha ya taifa ipi? Neno hilo, kwa mujibu wa serikali, lilikuwa na maana moja tu, yaani Kijapani. Ikiwa aliadhibiwa kwa kuzungumza Kijapani, basi shuleni mna mwalimu msaliti. Na kama msichana yule moyoni mwake alimaanisha Kikorea, basi yuko aliyemfundisha kwamba taifa lake ni jingine. Kwa vyovyote vile kulikuwa na mtu wa kukamatwa.

Uchunguzi ulianzia kwenye sentensi hiyo, ukamfikia mwalimu wake wa zamani, ambaye sasa alikuwa akifanya kazi na Chama cha Lugha ya Kikorea mjini Seoul, na kutoka kwake ukawafikia wanachama wenzake waliokuwa wakiandaa kamusi kubwa. Watu wapatao thelathini walikamatwa. Wawili kati yao, Lee Yun-jae na Han Jing, walifia gerezani. Miswada ya kamusi ilichukuliwa kuwa ushahidi, ikapotea, na Septemba 1945, majuma machache baada ya Japani kusalimu amri, ikakutwa ghalani kwenye stesheni ya Seoul. Ninapokifikiria kisa hicho, huwa simwoni profesa yeyote. Namwona msichana aliyeketi na kalamu usiku, akiandika mambo yake ya siri, bila kujua kwamba kwa neno moja amejitambulisha kwa watu ambao siku moja watakuja kumsoma.

Lakini msichana ambaye habari zake zimenikaa zaidi ni Kim Hak-sun, na kuanzia hapa nitamwita Bibi Kim, kwa sababu Wakorea wenyewe humtaja kwa neno lao la bibi.

Alizaliwa mwaka 1924 huko Jilin, kaskazini-mashariki mwa China, ambako familia nyingi za Kikorea zilikimbilia. Baba yake alifariki yeye akiwa mchanga, na mama akarudi naye Pyongyang. Mama alipoolewa tena, binti hakupatana na baba wa kambo, hivyo akapelekwa kwa mlezi aliyekuwa akiwafunza wasichana kazi ya kisaeng, yaani wasanii wa kike wa kuimba, kucheza ngoma na kuchangamsha karamu. Alisoma shule ya kazi hiyo kwa muda wa miaka miwili, akamaliza akiwa na miaka 17 kwa hesabu ya jadi ya Kikorea, iliyomhesabia mtoto mwaka mmoja siku aliyozaliwa. Kibali cha kufanya kazi kilitolewa kwa waliofikisha miaka 19. Ndiyo maana mlezi wake, mwaka 1941, aliwachukua yeye na msichana mwingine akaenda nao China kutafuta riziki, ambako hakuna ambaye angewauliza umri.

Umri kweli hawakuulizwa. Kwa mujibu wa ushuhuda aliokuja kuutoa uzeeni, walipokuwa Beijing, wakitoka kula, ofisa wa jeshi la Japani aliwasimamisha akawauliza kama wao si Wakorea. Mlezi akatuhumiwa ujasusi na kuchukuliwa, na wale wasichana wawili wakapakiwa kwenye lori la jeshi. Swali hilo la yule ofisa nimelirudia mara nyingi kichwani. Mwaka mmoja tu ulikuwa umepita tangu dola iwalazimishe watu wa taifa lake kuchukua majina ya Kijapani kwa hoja ya kwamba wao ni mwili mmoja. Njiani Beijing ofisa wa dola hiyo hiyo alimtambua Mkorea kwa kumtupia jicho, na utambuzi huo ukatosha kuwa kosa.

Ukiyafuatilia makaratasi ya wakati ule utaona kwamba hapakuwa na mkanganyiko wowote. Rejista za familia za Wakorea zilitunzwa mbali na za Wajapani, na Mkorea hakuruhusiwa kuhamishia usajili wake Japani hata akiishi Osaka miaka thelathini. Ndani ya rejista hiyo, jina la zamani la ukoo liliachwa likisomeka kando ya jina jipya. Kwa hiyo jina la Kijapani lilimficha mtu machoni pa jirani, pa mwalimu wa mwanawe na pa mwajiri, na pengine hata machoni pa mwenyewe, lakini karani wa serikali alijua siku zote nani ni nani. Lilifanya kazi ya kumficha Mkorea kwa Wakorea wenzake, basi.

Bibi Kim na mwenzake walifikishwa usiku kwenye nyumba iliyoachwa na Wachina, mahali alipopakumbuka kwa jina la Tiebizhen. Humo walikuwamo wasichana wengine watatu, wote Wakorea, na wote wakiitwa kwa majina ya Kijapani. Naye akapewa lake, Aiko, ambalo likiandikwa kwa herufi zake zilizozoeleka huwa na maana ya mtoto wa upendo. Yaliyotendeka ndani ya nyumba ile sitayaeleza, kwa kuwa aliyaeleza yeye mwenyewe kwa wakati aliouchagua. Jeshi liliziita nyumba hizo, ambamo wasichana walilazimishwa kulala na askari, vituo vya faraja, na waliofungiwa ndani wakaitwa wanawake wa faraja, istilahi ambayo imetafsiriwa hivyo hivyo katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwamo, nami naiona kuwa jina jingine la kuficha. Faraja kwetu ni neno la msibani. Kulitumia kwa jambo lile ni kulinajisi.

Nifungue mabano hapa. Wengi wetu tuna babu au baba mkubwa aliyekuwa keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Waingereza, na akapelekwa Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipambana na Wajapani katika bonde la Kabaw na kuvuka mto Chindwin mwishoni mwa mwaka 1944. Agosti ya mwaka huo huo, kaskazini zaidi katika nchi hiyo hiyo, majeshi ya Washirika yalipouteka mji wa Myitkyina yaliwakuta wanawake 20 wa Kikorea waliokuwa wametumikishwa na jeshi la Japani. Wamarekani wakawahoji na kuandika ripoti, nayo ripoti ikapewa kichwa cha habari cha mahojiano ya mateka wa vita wa Kijapani. Hata waliowakomboa waliwaorodhesha chini ya jina la aliyewateka.

Bibi Kim alitoroka baada ya miezi michache. Mwanamume wa Kikorea, mfanyabiashara wa sarafu za fedha, aliingia kwenye ile nyumba, naye akamsihi amchukue, wakaondoka usiku. Wakawa mume na mke, wakaishi Shanghai katika eneo la Wafaransa, wakapata binti na mtoto wa kiume. Mwaka 1946 walirudi kwa meli hadi Incheon. Binti yao alifariki kwa kipindupindu wakiwa katika kambi ya wakimbizi mjini Seoul.

Oktoba 1946 utawala wa kijeshi wa Marekani kusini mwa Korea ulitoa Amri Na. 122, iliyofuta majina ya Kijapani na kurudisha ya Kikorea. Kaneda akarudi kuwa Kim, Hanako akarudi kuwa nani sijui, kwa kuwa mama mwenye nyumba hakunitajia, nami sikuuliza. Sheria ilirudisha kila jina lililoandikwa kwenye rejista. Jina Aiko halikuwahi kuandikwa kwenye rejista yoyote. Hapakuwa na karani wa kulifuta.

Mtu pekee aliyelijua lilikotoka alikuwa mumewe. Bibi Kim alisimulia kwamba mume huyo, akilewa, alikuwa akimtupia maneno juu ya yale ya zamani mbele ya mtoto wao wa kiume. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza niliweka kitabu chini. Aliyemtoa kule ndiye aliyeishika siri, na siri ikageuka fimbo. Mume alifariki kwa ajali baada ya vita vya Korea, na mtoto wa kiume akafa maji akiwa bado wa shule ya msingi. Kuanzia hapo alibaki peke yake, akichuuza bidhaa, akifanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, na hakumwambia yeyote.

Tuna methali isemayo mficha maradhi kifo humuumbua, nami nimeisikia ikitumiwa dhidi ya wanawake waliochelewa kusema. Methali hiyo humlaumu anayeficha. Haiulizi ni nani aliyeketi sebuleni akingoja kumcheka. Mwaka 1944, amri ya kuwaandikisha wasichana katika vikosi vya kazi ilipotangazwa, familia nyingi za Korea ziliwaoza mabinti zao harakaharaka kwa mwanamume yeyote aliyepatikana, na mama mkubwa wa mama mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wao, aliyeolewa na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Hii ina maana kwamba hofu ilikuwa ya wazi. Watu walijua kuna kitu cha kuwakimbizia mabinti. Vita vilipokwisha, waliporudi wale ambao hawakuwa na wa kuwakimbiza, maarifa hayo yakatoweka ghafla katika kila kijiji, na yule aliyerudi akaachiwa afahamu mwenyewe kwamba ili aolewe, azikwe vizuri, asalimiwe dukani, inabidi asiwe aliyekuwa. Dola ya Japani ilimficha Kim Hak-sun kwa jina la Aiko kwa miezi michache. Kimya cha watu wake kilimficha kwa miaka 46. Siandiki hivi ili kuipunguzia Japani mzigo wake, na Mkorea atakayesoma na kuchukia ana haki ya kuchukia; lakini ni Mkorea, akiwa na kisu cha kumenyea vitunguu mkononi, aliyeniambia kwamba nyumba yao ilikuwa na adabu nzuri sana ya kutouliza.

Kabla ya Bibi Kim alikuwapo mwingine, ambaye hakupewa hata nafasi ya kuchagua. Bae Bong-gi, mzaliwa wa mwaka 1914, alipelekwa kwenye kisiwa cha Tokashiki, Okinawa, mwaka 1944, akapewa jina la Akiko. Vita vilipoisha alibaki kulekule, akizungukazunguka kutafuta vibarua kwenye migahawa na mashambani, bila ndugu, bila lugha ya kutosha, chini ya utawala wa Marekani. Mwaka 1972 Okinawa ilirudishwa kwa Japani, na ghafla yule ajuza akawa mgeni asiye na kibali cha kuishi. Ili asifukuzwe ilimbidi aeleze alifikaje pale. Mwaka 1975 magazeti yakachapisha habari zake. Yaani siri ya maisha yake ilimtoka kwenye dirisha la idara ya uhamiaji, kama mtu anayetoa cheti cha kuzaliwa. Aliishi miaka mingine 16 akijifungia ndani, na alifariki mjini Naha Oktoba 1991.

Majuma machache kabla ya kifo hicho, tarehe 14 Agosti 1991, Kim Hak-sun aliketi mbele ya waandishi wa habari mjini Seoul na kusema kwa jina lake kamili yaliyompata. Mwaka uliotangulia serikali ya Japani ilikuwa imeliambia bunge lake kwamba wanawake wale walichukuliwa na wafanyabiashara binafsi. Kwa maneno mengine, ilisema kwamba yeye hakuwahi kuwapo. Hakuwa na mume wa kuaibika wala mtoto wa kuchekwa shuleni, na yeye mwenyewe alieleza kwamba upweke huo ndio uliomwezesha kusema. Wengi humsifu kwa ujasiri, na ni haki yake, lakini ujasiri huo ulimgharimu kwanza kila mtu ambaye angeumia.

Baada yake wakajitokeza wengine. Maria Rosa Henson wa Ufilipino alisema mwaka 1992. Jan Ruff-O'Herne, Mholanzi aliyekamatwa kisiwani Java na baada ya vita akahamia Australia, aliwaona wanawake wa Korea kwenye televisheni na mwaka huo huo akawaeleza binti zake jambo ambalo hawakuwahi kulisikia. Nchini Korea Kusini waliojisajili serikalini walifikia 240. Agosti 1993 Japani, kupitia tamko la Katibu Mkuu wa Baraza la Mawaziri, Kono Yohei, ilikiri kwamba jeshi lilihusika.

Mahali nilipokwenda mara nyingi katika mwaka ule ni ng'ambo ya barabara palipokuwa ubalozi wa Japani mjini Seoul, ambako maandamano hufanyika kila Jumatano tangu Januari 1992, na ambako Desemba 2011 iliwekwa sanamu ya msichana aliyeketi kwenye kiti, kando yake kiti kingine kitupu. Ukiitazama kwa mbali utadhani ni mwanafunzi anayengoja basi. Ukikaribia utaona nywele zake zimekatwa ovyo, kama zilizofyekwa na mtu mwingine. Ngumi zimefumbwa mapajani. Miguu iko peku, na visigino havigusi sakafu. Vimeinuka kidogo, kwa sababu waliorudi hawakupata pa kukanyaga kwa uzito wote. Chini, kwenye mawe, wachongaji walitengeneza kivuli chake, na kivuli hicho si cha msichana. Ni cha bibi kizee, mgongo umepinda.

Asubuhi moja ya Januari, baridi ikiwa imeshuka mpaka mate yaligandia kwenye skafu yangu, nilikuta mtu amemvisha kofia ya sufi, na mwingine amemletea soksi. Soksi zilikuwa zimevutwa vizuri mpaka juu ya kifundo, lakini kwenye visigino zilining'inia tupu, kwa kuwa pale chini hapakuwa na sakafu ya kuzishikilia. Mama mmoja aliyekuja na mwanawe alichuchumaa akajaribu kuzibana, zikalegea tena. Mtoto akamuuliza anaitwa nani. Mama akafikiri, akajibu kwamba wako wengi.

Mwezi Desemba 1991 Wakorea 35 walifungua kesi dhidi ya serikali ya Japani katika mahakama ya wilaya ya Tokyo. Watatu kati yao walikuwa wanawake waliopitia vile vituo. Wawili waliomba majina yao yasitajwe, na mahakama ikawakubalia. Wa tatu alifariki mwaka 1997, na Mahakama Kuu ya Juu ya Japani iliitupa kesi hiyo mwaka 2004, lakini kwenye makaratasi yake jina la Kim Hak-sun bado limeandikwa kama lilivyo, herufi ya dhahabu ikiwa ya kwanza.